Pembe, Kobalti na Kauri: Historia ya Kiungo Bandia Ikitazamwa Kutoka Kamanyola

Kamanyola, mji mdogo ulio kwenye barabara ya Bukavu na Uvira, pale mto Ruzizi unapoacha magenge na kuingia tambarare, hautajwi katika historia ya upasuaji wa mifupa. Hata hivyo, malighafi za aina zilizotoka Kongo na kwenye njia zake za biashara zimehusika na kiungo bandia tangu kilipoanza kutengenezwa.

Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, walikuta hapo kikomo cha kaskazini cha biashara ya pembe za ndovu na watumwa iliyotoka Zanzibar kupitia Ujiji. Pembe ya Afrika Mashariki ilithaminiwa sana Ulaya kwa kuwa ilichongeka vizuri bila kupasuka, na ilikuwa pembe ya ndovu ambayo Themistocles Gluck, daktari wa Berlin, aliichonga mwaka 1890 ili kuweka goti jipya badala ya lile lililoharibiwa na kifua kikuu cha mifupa. Majaribio yake yalishindwa hasa kwa sababu ya maambukizi, lakini wazo lilibaki.

Baada ya pembe ikaja metali. Mwaka 1938, huko Boston, Marius Smith-Petersen alianza kufunika kichwa cha mfupa wa paja kwa kikombe cha aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya kobalti na kromi, wakati ambapo Katanga, chini ya kampuni ya Union Minière, ilikuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya kobalti duniani. John Charnley wa Uingereza, mwaka 1962, aliunganisha tufe la chuma na kikombe cha plastiki ngumu iitwayo polietilini, na nyonga ya aina hiyo ikaenea kote. Kasoro yake ilikuwa kulika: tufe linapozunguka humomonyoa chembe ndogo mno za plastiki, seli za kinga za mwili huzimeza, na katika mapambano hayo mfupa wenyewe huyeyuka hadi kiungo kinalegea.

Ndipo kauri ilipoingia. Pierre Boutin, katika mji wa Pau nchini Ufaransa, alipandikiza mwaka 1970 nyonga ya alumina, ambayo ni oksidi ya alumini iliyochomwa hadi ikawa ngumu na laini kama kioo. Ililika kidogo sana, lakini nyonga nyingine za aina hiyo zilivunjika, kwa kuwa kauri haivumilii kishindo. Jibu lililofuata lilikuwa kuacha metali ibebe uzito na kauri ipokee msuguano. Utando wa titani nitridi, wenye rangi ya dhahabu, hupakwa kwa mvuke, na hatari yake ni kubanduka. Njia nyingine ni ya ustadi zaidi: aloi ya zirkoni na niobi hupashwa moto hewani, karibu nyuzi 500 za Selsiasi, mpaka uso wake uvute oksijeni na kugeuka kuwa kauri yenye unene wa takriban sehemu tano za elfu moja za milimita. Tabaka hilo limeota kutoka katika metali yenyewe, kwa hiyo haliachani nayo kwa urahisi, ingawa tufe likiteguka na kukwaruzwa na ukingo wa kikombe, metali laini iliyo chini hufichuka. Faida yake nyingine ni kumwepusha mgonjwa na chembe za kobalti, ambazo zilidhuru watu wengi waliopewa nyonga za metali kwa metali, hata aina moja mashuhuri ikaondolewa sokoni mwaka 2010.

Ugumu huo wa uso wa kiungo una maana ya pekee kwa Kivu, eneo la Kamanyola na Bukavu. Ulaya, wengi wanaobadilishiwa nyonga ni wazee. Barani Afrika hali inaweza kuwa tofauti: nchini Malawi, kama rejesta ya viungo bandia iliyoanzishwa huko mwaka 2005 ilivyoonyesha, sababu kubwa ya upasuaji huo ni kufa kwa kichwa cha mfupa wa paja kwa kukosa damu, na ugonjwa wa selimundu ni mojawapo ya vyanzo vya maradhi hayo kwa vijana. Kijana wa miaka 25 anahitaji nyonga itakayodumu miaka mingi kuliko ile ya mzee wa 75, kwa hiyo kiungo kisicholika upesi kwake si anasa. Serikali ya Kongo na wafadhili wa hospitali za Bukavu wanaponunua viungo bandia, wamweke mgonjwa huyo mbele.