Maktaba ya Halle na Karatasi za Machame

Mwaka 1695 mchungaji August Hermann Francke alikuta thala 4 na groshi 16 katika kisanduku cha sadaka nyumbani kwake Glaucha, kando ya mji wa Halle, Ujerumani. Kwa fedha hizo alifungua shule ya watoto maskini. Mwaka 1698 likawekwa jiwe la msingi la nyumba kubwa ya yatima, na kuizunguka zikaota shule nyingine, duka la dawa, kiwanda cha uchapaji na maktaba.

Jengo la maktaba lilikamilika mwaka 1728. Francke hakuliona, alifariki mwaka mmoja kabla. Ndani, makabati ya vitabu yametokeza kutoka kuta za pande mbili na kuacha ujia katikati, mfano wa mapazia ya jukwaani. Linahesabiwa kuwa jengo la maktaba kongwe kuliko yote yaliyosalia Ujerumani yasiyo mali ya kanisa.

Machame ya Kilimanjaro inaingiaje humo? Kwa kupitia India.

Mwaka 1706 wamisionari wawili waliosoma Halle, Bartholomäus Ziegenbalg na Heinrich Plütschau, walishuka melini Tranquebar, kusini mwa India. Barua zikaanza kumiminika Halle, pamoja na miswada ya Kitamili iliyochorwa kwenye majani ya mivumo. Kazi hiyo baadaye ilirithiwa na Misheni ya Leipzig, iliyoundwa Dresden mwaka 1836. Misheni hiyo ndiyo iliyopanda Kilimanjaro mwaka 1893, enzi za Mangi (mtawala) Shangali, ikafungua kituo chake cha kwanza Machame. Mamba ilifuata mwaka 1894, Moshi mwaka 1896.

Wamisionari wake Emil Müller, Gerhard Althaus na wenzao walikuwa watu wa kalamu. Waliandika taarifa na barua kwenda Leipzig, na nyingine zilichapishwa katika jarida la misheni. Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902 na kufanya kazi Masama kabla ya kuhamia Moshi ya Kale, alikwenda mbali zaidi: kitabu chake cha mwaka 1926 juu ya sheria za Wachaga wa Kilimanjaro kinaingia hadi kwenye mambo ya kihamba (shamba la ukoo) na mifereji ya maji. Leo kumbukumbu za kale za Misheni ya Leipzig zimekabidhiwa Halle, chini ya uangalizi wa taasisi ileile ya Francke.

Taasisi yenyewe imepita misukosuko. Mwaka 1946 ilipoteza uhuru wake na kumezwa na Chuo Kikuu cha Halle; majengo yakachakaa. Ilirejeshewa hadhi yake baada ya Ujerumani mbili kuungana, na ukarabati ukaanza.

Karatasi za wamisionari nazo zina upungufu wake. Zimeandikwa kwa jicho la mgeni, na mzee aliyesimulia mara nyingi hubaki nyuma ya jina la aliyeandika. Ndiyo maana madaftari ya mwalimu Nathaniel Mtui wa Marangu, Mchaga aliyeandika historia ya watu wake kabla ya kufariki mwaka 1927, yana uzito wa pekee. Kathleen Stahl aliyategemea katika kitabu chake cha mwaka 1964 juu ya historia ya Wachaga. Anayesoma taarifa za Müller bila kumsoma Mtui pamoja nazo anasikia upande mmoja wa mazungumzo.

Mwaka 2028 jengo la Halle litatimiza miaka 300. Mtafiti wa Machame anayetaka kuzifikia karatasi hizo ajue mambo mawili: mwandiko wa zamani wa Kijerumani hujifunzwa kama alfabeti mpya, na katika orodha jina la kwao huandikwa Madschame, la watu wake Dschagga. Picha za Misheni ya Leipzig hazihitaji safari. Nyingi zinaonekana kwenye intaneti katika hazina ya picha za kimisheni ya Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani.