Spika za kompyuta kwa mwenye fedha kidogo: wati za kwenye boksi na wati za kweli

Maboksi ya spika ndogo za kompyuta hupambwa kwa namba kubwa: wati 200, wati 500, hata 1,000. Kando yake, kwa herufi ndogo, husomeka PMPO. Herufi hizo hudai kueleza nguvu ya juu kabisa inayoweza kutolewa kwa kitambo kifupi mno, lakini hakuna kipimo kimoja kinachowafunga watengenezaji, na kila mmoja hukokotoa apendavyo. Namba ya kutafutwa ni ya RMS, yaani nguvu ambayo spika huitoa mfululizo bila kuharibika.

Boksi lisipoitaja, mnunuzi autazame waya wa umeme. Spika nyingi za bei nafuu hupata umeme kwenye tundu la USB la kompyuta. Tundu la USB 2.0 lina kikomo cha volti 5 na miliampea 500, sawa na wati 2.5. Spika isiyo na betri haiwezi kutoa mfululizo zaidi ya kinachoingia, na sehemu ya umeme huo hupotea kuwa joto. Kwa meza ya mwanafunzi anayefuata masomo, hizo zatosha. Kwa ukumbi hazitoshi, hata boksi liandikwe nini.

Wala wati maradufu si sauti maradufu. Nguvu ikizidishwa mara mbili huongezeka desibeli 3 tu; ili sikio lione sauti imekuwa kubwa mara mbili, huhitajika takriban mara kumi ya nguvu ya awali. Anayelipa zaidi ili atoke wati 5 hadi 10 atasikia tofauti ndogo kuliko bei aliyoongeza.

Sikio ndilo lenye hukumu. Mnunuzi aende dukani na simu yenye taarifa ya habari anayoifahamu. Asikilize kama herufi «s» na «sh» zinakwaruza, kisha apandishe sauti hadi karibu na mwisho na kusikiliza kama kasha linatetemeka. Besi nzito asiitarajie kwa spika ya ukubwa wa kiganja, kwa kuwa haina eneo la kusukuma hewa ya kutosha. Kwa fedha ileile, spika mbili zilizoundwa vizuri hushinda seti dhaifu yenye sabufa.

Aliye na redio ya zamani yenye tundu la AUX huenda hana haja ya kununua spika kabisa: waya mmoja wenye pini ya milimita 3.5 upande wa kompyuta wamtosha, na kasha la redio hiyo mara nyingi ni kubwa kuliko la spika mpya.

Kwa vifaa vya mitumba, kibandiko cha nyuma kisomwe kwanza. Kilichotengenezewa volti 120 za Marekani pekee, kikichomekwa kwenye umeme wa volti 220 hadi 240 wa Afrika Mashariki, huungua mara moja.