Nusu ya Kipindi Ilikuwa Uani

Ufundi redio humfundisha mtu ratiba za nyumba za wenzake. Kibanda changu kilikuwa Tandika, na bila kuuliza nilijua nani huamka na kipindi cha Majira, nani husubiri salamu za mgonjwa wake kwenye Ugua Pole, na nani halali kabla ya Mazungumzo Baada ya Habari. Mtu akileta redio asubuhi, neno lilikuwa moja: "Fundi, leo isilale kwako." Ukimwuliza haraka ya nini, mara chache angekutajia muziki. Watu waliwahi maneno: mchezo, vichekesho, maongezi.

Maneno hayo yalitoka upande wetu wa mji. Redio ilianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, chini ya wizara. Studio zake zilikuwa Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, na kiwanda cha Matsushita kilichotengeneza betri na redio za National kilikuwa humu humu Dar es Salaam. Pamoja na hayo, betri ziliadimika mwanzoni mwa miaka ya 80. Watu walizianika juani, wakazibana kwa meno, wakazitoboa na kuzitia maji ya chumvi. Maji yale yalivuja na kula chuma, nami ndiye niliyekwangua kutu. Katika nyumba ya wapangaji sita, redio iliyowashwa ilikuwa ya yule mwenye betri nzima, na wengine walimfuata na mikeka yao. Hivyo ndivyo redio ilivyokuwa mali ya uani hata kama ilinunuliwa na mtu mmoja.

Serikali nayo iliujua ukaaji huo. Mwaka 1973 ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya, haikutosheka na kutangaza. Takriban watu milioni 2 nchi nzima walipangwa katika vikundi. Wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Kipindi kilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine iliachiwa wasikilizaji.

Huku uswahilini nusu hiyo hatukungoja kupangiwa. Ushahidi wangu ni Pwagu na Pwaguzi, mchezo wa redio uliobeba jina la methali ya zamani, pwagu hupata pwaguzi. Rajabu Hatia alikuwa Pwagu, Ali Said Keto akawa Pwaguzi: wajanja wawili wanaosaka riziki kwa hila. Redio ile ile iliyosoma hotuba za viongozi iliwapa nafasi watu wawili ambao balozi wa nyumba kumi angewatazama kwa jicho la pembeni. Nasi tuliwajua, kwa kuwa walizungumza kama vijiwe vya Temeke na Magomeni vinavyozungumza: kukatana kauli, kiburi cha mtu asiye na senti, kiapo kinachotolewa kabla ya uongo. Mchezo ukiisha, kesi ilianza. Mzee mmoja jirani yangu alikuwa akimtetea Pwagu kila mara, akisema njaa haina hakimu. Mkewe alimjibu kwamba anayemtetea Pwagu ana lake. Mahoka, kipindi kingine cha redio, nacho kilikuwa na kesi zake. Na watani wawili wa mtaa wakitembea pamoja walikuwa wamekwisha kupata majina: Pwagu na Pwaguzi.

Mwaka 1993 ukaja mchezo uliojengwa makusudi juu ya mabishano ya namna hiyo. Twende na Wakati ulirushwa na RTD kuanzia Julai, mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara. Mkwaju alikuwa dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima; Tunu, mkewe, akamwacha na kuanza biashara yake mwenyewe; Mkwaju akaugua UKIMWI. Watafiti waliuacha mkoa wa Dodoma bila mchezo huo hadi mwaka 1995 ili walinganishe, na walikuta kwamba uliwasukuma watu kuelekea uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Mimi niliyapima mambo kwa njia yangu ya kibandani. Malori yalipita Barabara ya Pugu usiku na mchana, na madereva wenye jina la Mkwaju hawakukosekana. Wanawake waliokuja kuchukua redio walisema habari za Tunu kana kwamba wanamzungumzia mpangaji mwenzao, na kwa kumsema Tunu waliweza kuwasema waume zao, nao waume wakiwa hapo hapo wanasikia.

Mwaka 1994 Radio One ikaingia hewani kutoka Mikocheni, upande wa Kinondoni. Redio nyingi za zamani hazikuwa na FM, na wateja walinitaka niwawekee, jambo ambalo gharama yake ilishinda thamani ya redio yenyewe. Hivyo wakanunua mpya ndogo, kila chumba yake. Mjadala wa uani ukahamia kwenye simu: leo msikilizaji wa Mbagala anapiga studio, anajitambulisha, anapewa nafasi fupi, anakatwa kwa tangazo. Sibezi. Mama aliyekuwa akimsema mumewe kupitia Tunu sasa anasema mwenyewe, na nchi inamsikia. Lakini anayemjibu ni mtangazaji, si mume wala jirani atakayekutana naye kisimani kesho.

Kanda za RTD zimo kwenye maktaba ya shirika la utangazaji la taifa, na ni vizuri zihifadhiwe. Ila atakayeandika historia ya michezo ile kwa kanda peke yake atapata maneno ya waigizaji tu. Hukumu alizopewa Pwagu na yaliyosemwa juu ya Tunu hayakurekodiwa popote. Waliokalia mikeka ile bado wapo Tandika, Keko na Mwananyamala, na ukimtajia mmoja wao Pwagu, atakwambia mara moja alikuwa upande gani.