Fremu ya Nottingham, Keria ya Kasulu

Ndugu msomaji, pale shuleni tulifundishwa Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, tukafundishwa Vita vya Maji Maji vya 1905, tukakariri majina ya magavana kama mtoto wa chuo anavyokariri sura. Sikatai, hiyo ni historia. Lakini hakuna aliyenifundisha historia ya kile chuma kilichokuwa kimeegemezwa ukutani kwetu tangu sijazaliwa. Nasema juu ya baiskeli ya babu.

Siku moja wanunuzi wa vyuma chakavu walifika kijijini na mizani yao ya kuning'iniza. Baba mdogo akaitoa baiskeli nje. Tairi zimekufa, mnyororo umeshikana kwa kutu, siti imebaki springi tupu. Michango ya shule na sare za watoto vilikuwa vimemkaba, kwa hiyo simlaumu. Nikamwomba, "Baba mdogo, nipe siku mbili tu niipeleke kwa fundi Kasulu. Akisema haifai, utaiuza." Akanitazama kama mtu aliyepungukiwa. "Haya," akasema, "ila ukirudi mikono mitupu, sare utanunua wewe."

Basi nikaisukuma hadi mjini. Fundi mwenyewe ni mzee, kijiwe chake kipo chini ya mwembe, na mbele yake kuna makopo: kopo la gololi kubwa, kopo la gololi ndogo, kopo la pini za pedeli, kopo la nati zisizo na kwao. Nikamwonyesha ile nembo iliyofutika kwenye shingo, nikidhani ataisoma. Wala hakuiangalia. "Nembo hupachikwa, kijana wangu," akasema. "Chuma hakidanganyi." Akafungua pale katikati pedeli zinapozungukia, akatoa kile kikombe cha chuma kinachoshika gololi, akakipangusa, akakilinganisha na kingine alichokitoa kwenye kopo. Kisha akacheka peke yake. "Hii ni Raleigh yenyewe."

Alijuaje? Hapa ndipo nilipofunguka macho. Ile mikato ya skrubu, ambayo mafundi huiita thredi, katika baiskeli nyingi za aina hii huwa 24 kwa kila inchi. Raleigh wa zamani, kwa kiburi cha kiwanda kikubwa, alikata zake 26. Kwa hiyo kikombe cha Phoenix ya Shanghai au cha baiskeli ya India ukikitia kwenye Raleigh kitaingia mizunguko miwili hivi, halafu kitagoma. Fundi mjinga hulazimisha kwa spana na kuua fremu nzima. Fundi mwenye akili hutumia vidole kwanza. "Ikikataa," mzee akaniambia, "usilazimishe. Itakuwa si ya ukoo huo." Nikaona kumbe huyu mzee ana maktaba ndani ya makopo.

Sasa tujiulize, Raleigh ya Nottingham ilifikaje Buha? Haikuletwa na upepo.

Wajerumani waliifikisha reli ya kati Kigoma mwaka 1914. Walipoondoka na Mwingereza kuingia, nchi ya Waha ikageuzwa ghala la nguvu kazi. Kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu na fedha hazikuwepo, kwa hiyo wanaume walifunga virago kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kukusanya vibarua, ikajulikana kwa kifupi kama SILABU, na Kasulu na Kibondo zikawa miongoni mwa sehemu zilizotoa watu. Waliitwa manamba, maana kila mmoja alikuwa na namba yake. Mshahara ulihesabiwa kwa kipande: kadi ya siku 30 za kazi. Siku uliyougua haikuwa siku. Wako waliomaliza mkataba wakarudi, wako waliozikwa hukohuko mkongeni.

Babu alirudi katika miaka ya 1950, Uhuru bado. Alirudi na blanketi, kovu la mwiba wa mkonge, na baiskeli. Usiione baiskeli hiyo kama chombo cha starehe. Ilikuwa nyeusi, fremu ya chuma kizito, magurudumu ya inchi 28, spoku 32 mbele na 40 nyuma ili mgongo wa mzigo usivunjike, breki za vyuma virefu zisizotumia waya. Mtu aliyekuwa namba kwa miaka mingi alirudi na kitu ambacho watu wangekitambua kwa mbali wakasema, yule ni fulani. Nadhani jina lake alilinunua upya kwa baiskeli ile.

Mzee fundi akaendelea kuifungua. Gurudumu la nyuma halikuwa la Raleigh hata kidogo. "Hii haba ni ya Mchina," akasema. "Phoenix. Na hizi madigadi ni za Swala." Ndugu msomaji, vijana wengi wa leo hawaijui Swala. Ilikuwa baiskeli yetu wenyewe, iliyotolewa na kampuni ya taifa ya baiskeli, NABICO, katika zile zama za viwanda vya umma.

Zama hizo zilitutikisa kweli huku Kigoma. Mwaka 1972 ilikuja Operesheni Kigoma, watu wakahamishwa kutoka kwenye vilima vyao na kupangwa katika vijiji kandokando ya barabara. Nyumba zikasogea, mashamba ya migomba na mihogo yakabaki kulekule. Aliyekuwa na baiskeli alishukuru Mungu. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, vita vya Kagera vikapiganwa 1978 na 1979, fedha za kigeni zikakauka. Mwaka 1983 ulikuwa wa msako wa wahujumu uchumi, na mtu mwenye tyubu mbili za akiba alizificha kama bangi. Ni 1984 ndipo serikali ilipowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na maduka yakaanza tena kupumua.

Katika uhaba huo ndipo ufundi ulipozaliwa. Mzee anasimulia kwamba tairi lililopasuka lilishonwa kwa waya, likatiwa kiraka cha tairi la gari kwa ndani. Pini ya pedeli ilichongwa kwa tupa kutoka kwenye msumari mnene. Fremu iliyokatika ilivalishwa bomba ndani na kuchomelewa. Mafundi wa Kasulu, Kibondo na Manyovu walijuana wote, ingawa hawakuwa na simu. Walitumiana salamu kwa dereva wa lori: "Mwambie fundi wa Kibondo ninayo foki ya Raleigh, nataka friwili mbili." Lori lilikwenda, wiki ikapita, friwili zikarudi zimefungwa kwenye gazeti. Hakuna risiti. Aliyedanganya mara moja hakupata kipuri tena, basi.

Nimepata kusikia kwamba huko Ulaya wapo watu wanaozipenda baiskeli za zamani za chuma, za safari ndefu, na wanatafutana nchi hadi nchi kwa ajili ya nati moja ili baiskeli irudi kama ilivyotoka kiwandani. Wengine hucheka. Mimi sicheki, maana wenzao nimewakuta chini ya mwembe. Tofauti ni kwamba yule wa Ulaya akikosa nati, baiskeli hubaki sebuleni. Wa kwetu akikosa nati, gunia la maharage halifiki sokoni na watoto wanalala njaa. Ndiyo maana kwetu baiskeli haikurudishwa kama ilivyotoka kiwandani. Ilisogezwa mbele. Keria ya babu, kwa mfano, si ya kiwanda chochote duniani: ni nondo, imepindwa na kuchomelewa Kasulu, nayo imebeba mikungu ya ndizi, madumu ya mawese ya Kigoma, chumvi ya Uvinza, na siku moja shangazi yangu akiwa na uchungu wa uzazi.

Nilimwuliza mzee nani aliyelinyoosha gurudumu la mbele vizuri namna ile. "Huyo alikuwa Mrundi," akajibu, akanyamaza kidogo. Oktoba 1993 Rais Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu wakavuka mpaka kwa makundi, wengine wakisukuma baiskeli zilizofungwa godoro na mtoto juu yake. Kibondo ikawa na makambi kama Kanembwa, Mtendeli na Nduta. Kasulu ikawa na Mtabila na Muyovosi, na 1996 Nyarugusu ikafunguliwa kwa ajili ya Wakongo. Kiha na Kirundi ni ndugu, kwa hiyo fundi na fundi walielewana bila mkalimani. Gololi zilibadilishwa kwa unga wa msaada, unga kwa ndizi, ndizi kwa tyubu. Sheria ya wakimbizi ya 1998 ilitaka mkimbizi awe na kibali ndipo atoke kambini, na yule fundi Mrundi akapotea kijiweni. Mtabila ilifungwa 2012. Mzee hajui kama mwenzake alirudi salama. Anachojua ni kwamba gurudumu alilolinyoosha bado halijayumba.

Mwisho ikaja pikipiki. Jina bodaboda lenyewe lilianza kwa baiskeli, kule mpakani Busia kati ya Kenya na Uganda katika miaka ya 1960, lakini leo ukilitaja kila mtu anasikia injini. Tangu mwishoni mwa muongo wa 2000 pikipiki za bei nafuu zimejaa hadi vijijini. Silaani, mama mjamzito haendi hospitali kwa keria siku hizi. Huko Nottingham nako Raleigh waliacha kuunganisha baiskeli mwishoni mwa 2002. Mti umekatwa shina, sisi huku tunaendelea kugawana matawi.

Baada ya kuifungua yote, mzee akanieleza ukweli. Fremu ilikuwa imepasuka chini, mahali pabaya. Ingechomelewa, ingetembea, lakini si kwa mzigo. "Ila hivi vikombe," akasema, akavishika kiganjani, "ni vizima. Thredi 26. Wapo wazee watatu, wawili hapa na mmoja Kibondo, wamesimamisha Raleigh zao kwa kukosa hivi. Na gurudumu la mbele pia lina mtu." Akataja bei. Ilizidi ile ya mizani.

Nilikaa kimya. Nilikuwa nimekuja kuiokoa baiskeli ya babu, na sasa naambiwa ili ziokoke nyingine tatu, hii ife. Nikafikiri juu ya ukuta wetu, nikafikiri juu ya mzee wa Kibondo nisiyemjua, anayesukuma mzigo kwa miguu kwa sababu ya kikombe kimoja. Nikasema, "Chukua, mzee."

Baba mdogo alipata fedha za sare. Fremu tupu niliirudisha nyumbani pamoja na ile keria ya nondo, zimening'inia chini ya paa. Mizani ya chuma chakavu haitazigusa nikiwa hai.

Vijana wenzangu, tunaotamani kuandika, tunahangaika kutafuta visa vya Dar es Salaam na New York wakati mzee mwenye makopo amekaa hapo sokoni na hana mwanafunzi hata mmoja. Mimi nimenunua daftari. Ukurasa wa kwanza nimeandika: Raleigh 26, wengine 24, jaribu kwa vidole kwanza. Kesho narudi mwembeni, bado kuna makopo matatu hatujayafungua.