Thiaminesi: kivunjathiamini ndani ya samaki mbichi

Taa anayefugwa katika tangi la kioo anaweza kushiba kila siku na bado akafa kwa kukosa lishe. Wanaofuga taa wa maji baridi kutoka mito ya Amerika Kusini, wa jenasi ya Potamotrygon, wameyaona haya. Samaki huyu, aliye bapa kama ungo, hupewa vipande vya samaki wabichi au samaki wadogo wa rangi ya dhahabu, akavila kwa pupa. Baada ya muda hamu inapotea, anaogelea bila mizani, na wengine hushikwa na mtukutiko. Ukitazama pale mkia unapoanzia unaona gegedu za nyonga zimetokeza, mahali ambapo taa mwenye afya ana nyama tele. Zipo sababu nyingine za hali hiyo, hasa amonia kuzidi majini, kwa hiyo maji hupimwa kwanza. Lakini maji yakiwa safi na chakula chenyewe ni samaki mbichi wa aina moja tu, mshukiwa wa kwanza ni kitu ambacho wanasayansi wanakiita thiaminase. Kwa Kiswahili tunaweza kukiandika thiaminesi.

Istilahi hii inatuhusu sisi wa West Nile nchini Uganda, ingawa wavuvi wa Panyimur na Rhino Camp hawavui taa. Arua na Koboko wapo watu wenye mabwawa ya kambare na ngege. Sokoni wapo paka wanaotupiwa matumbo ya samaki, na nyumbani wapo mbwa na bata wanaopewa mabaki ya jikoni. Wote hao huweza kupewa samaki mbichi, kwa hiyo hatari ya taa wa tangini inaweza kuwafika.

Tuichambue istilahi yenyewe. Thiamini ni vitamini B1. Sehemu ya kwanza ya jina inatokana na neno la Kigiriki la salfa, kwa kuwa vitamini hiyo ina salfa ndani yake. Mwili unaihitaji ili kugeuza chakula kuwa nguvu, na ikikosekana neva na moyo huumia mapema. Kwa binadamu upungufu huo huleta ugonjwa wa beriberi. Kiishio cha neno, yaani -ase, nacho kina historia yake. Mwaka 1833 Wafaransa Anselme Payen na Jean-François Persoz walitenga kimeng'enya kinachovunja wanga wakakiita diastase, na kutoka hapo kiishio hicho kikawa alama ya vimeng'enya vingi. Kinapofuata jina la kitu, mara nyingi hutuambia kwamba kitu hicho ndicho kinachoshughulikiwa. Thiaminesi, basi, ni kimeng'enya kinachoivunja thiamini.

Kimeng'enya hiki kilianza kufahamika kwa njia ya mbweha. Mwaka 1932, katika shamba la Chastek huko Minnesota, Marekani, mbweha waliofugwa kwa ajili ya manyoya walianza kupooza na kufa. Walikuwa wakilishwa samaki aina ya kapu, wakiwa wabichi. R. G. Green na wenzake waliufuatilia ugonjwa huo, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1940 walikuwa wameonyesha kwamba samaki huyo mbichi aliiharibu thiamini ya mlo mzima, pamoja na ile iliyotoka katika nafaka zilizochanganywa naye. Kapu aliyepikwa hakuleta madhara, na mbweha walioanza kuugua walipona walipopewa thiamini mapema. Ugonjwa huo hadi leo unaitwa kupooza kwa Chastek.

Kapu huyo anafugwa Uganda pia, na thiaminesi yake imejaa zaidi matumboni kuliko kwenye minofu. Matumbo ndiyo tunayowatupia wanyama. Paka anayelishwa hivyo kwa muda mrefu huanza kuyumba, kisha kichwa kinainama kifuani asiweze kukiinua. Mwenye bwawa anayewalisha kambare wake matumbo ya kapu mabichi anaweza kuwaona wakidumaa na kukataa chakula, wakati yeye mwenyewe anaamini amewapa protini ya kutosha.

Watu wanaokula samaki hao hawamo hatarini, kwa sababu samaki wetu hupita motoni kabla ya kufika mezani. Hata aliyekaushwa, mama huja kumchemsha na kumtia siagi ya karanga au simsim. Thiaminesi huvunjika ikipashwa moto wa nyuzi 83 kwa dakika 5 au zaidi. Friji haifanyi kazi hiyo. Samaki akigandishwa kimeng'enya hubaki hai, na thiamini huendelea kupungua kadiri anavyokaa na anapoyeyushwa. Ndiyo maana bustani nyingi za wanyama huwaongezea wanyama wanaokula samaki thiamini ya miligramu 25 hadi 30 kwa kila kilo ya samaki.

Tuje kwenye tafsiri. Wapo watakaopendekeza "sumu ya samaki". Hilo halifai, kwa sababu samaki huyo hajaoza wala hana sumu, na jina hilo litawatisha watu waache chakula kizuri. "Kimeng'enya cha thiamini" ni fupi, lakini msomaji hawezi kujua kama kinaitengeneza thiamini au kinaiharibu. "Upungufu wa vitamini B1" ni jina la matokeo, na likisimama peke yake hupotosha tiba. Mfugaji akiambiwa kuna upungufu ataongeza chakula kilekile, yaani samaki mbichi zaidi, na ugonjwa utazidi. Kwa hiyo napendekeza thiaminesi ibaki maabara na vitabuni, na kwa mfugaji tuseme kivunjathiamini. Akilisikia neno hilo atajua kwamba chakula chenyewe ndicho kinachovunja vitamini, na kwamba lazima chakula kibadilishwe au kipikwe.

Matumizi yake ni haya. Matumbo na vichwa vya samaki vichemshwe kwa dakika kumi kamili, vipoe, ndipo vichanganywe na pumba za mahindi au za mchele, ambazo zina thiamini. Usichanganye pumba na samaki mbichi, maana kivunjathiamini kitakula na vitamini ya pumba. Asiye na kuni za kutosha atenganishe milo, samaki mbichi siku moja na pumba siku nyingine. Mwenye taa katika tangi abadilishe vyakula, ampe minyoo ya udongoni na minofu ya ngege, na asimzoeshe samaki wa dhahabu.

Nawaomba maofisa ugani wa Arua na Koboko, watangazaji wa redio na walimu wa kilimo walitumie neno kivunjathiamini kila wanapozungumzia chakula cha mifugo, na kila wanapolitaja waseme pia: chemsha kwanza.