Kicheko Kilichokuwa na Bei

Kisa cha Ziwa Simbi kimeandikwa mara nyingi, na karibu kila aliyekiandika amekikausha. Ajuza mchafu anaingia kijijini jioni, anakuta watu karamuni, anafukuzwa. Mwanamke mmoja tu anampa chakula na pa kulala. Usiku maji yanapanda, kijiji kinazama na wote waliomfukuza. Funzo: mkaribisheni mgeni. Ziwa lenyewe lipo hadi leo karibu na Kendu Bay, duara kama sinia, maji yake ya magadi, heroe wakisimama pembeni kwa mguu mmoja, na mtalii akifika husimuliwa hivyo hivyo, kwa dakika tatu.

Sisi hatukusimuliwa hivyo. Mimi ni mzaliwa wa Karachuonyo, eneo lenye ziwa hilo, nikaolewa Migori, na kisa hicho nilikisikia siwindhe, nyumba ya bibi ambamo wasichana tulilala na kulelewa kwa masimulizi. Bibi hakuwa na haraka ya kufika kwenye mafuriko. Alikaa karamuni. Alituigizia wazee waliozunguka chungu cha pombe, kila mmoja na oseke yake, ule mrija mrefu wa kunywea, na jinsi walivyogoma kuondoka hata maji yalipofika magotini. Mmoja wao, tukimwamini bibi, alifoka kwamba kuna mwanamke mwivi ametia maji kwenye pombe. Tulicheka tukarushiana mateke chini ya blanketi. Na hapo hapo, kabla hatujamaliza kucheka, bibi akakizamisha kijiji. Hofu ilituingia kwa sababu tulikuwa tumeshakaa na wale wazee, tumewazoea, karibu tunawapenda.

Mwanzoni mwa miaka ya 80 Grace Ogot na Asenath Bole Odaga, kila mmoja kwa njia yake, walikiandika kisa hiki kwa Dholuo. Kabla yao, mwaka 1974, Onyango-Ogutu na Adrian Roscoe walikuwa wamechapisha mkusanyiko wa fasihi simulizi ya Waluo. Nawashukuru wote. Lakini kitabu hakina sauti ya mlevi anayelalamikia pombe iliyochujuka, na msomaji asiyemsikia huyo mlevi hudhani kisa kizima ni mahubiri.

Mahubiri nayo yalikuja, tena mapema. Mwaka 1906 Waadventista Arthur Carscallen, Mkanada, na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka nchi inayoitwa Malawi leo, walifungua misheni pale Gendia, kilima kinachotazama Ziwa Victoria. Baadaye ikaja mitambo ya kuchapa vitabu. Aliyebatizwa aliacha pombe, na aliyeacha pombe aliacha ngoma zake. Haikuwa rahisi hivyo, bila shaka. Paul Mboya, mchungaji wa kanisa hilo hilo na chifu wa Karachuonyo, ndiye aliyeandika Luo Kitgi gi Timbegi, kitabu cha mila na desturi kilichotoka mwaka 1938. Mtu wa kanisa akawa mtunzaji wa mambo ambayo kanisa lilitaka yasahaulike. Wazee wa kwetu waliona kichekesho hapo, ingawa hawakukisema mbele yake.

Wanawake waliobaki nje ya kanisa, na wengine waliokuwa ndani ila wakajisahau Jumapili, waliendelea na dodo. Hii ni ngoma ya wanawake wa upande wetu: mmoja anaongoza, wengine wanaitikia, mabega yanatikisika. Maneno hutungwa papo hapo. Nikiwa mdogo nilimsikia mama mmoja akimwimba mumewe aliyejificha ghalani siku askari wa kodi walipokuja, akasalitiwa na kikohozi chake mwenyewe. Mume alikuwepo. Alicheka, kwa sababu kununa kungeongezewa ubeti. Ndani ya wimbo huo kuna kodi ya mkoloni, kuna kufungwa, kuna aibu ya mwanamume mbele ya watoto wake. Hakuna mwanahistoria aliyenifundisha kodi ya kibanda vizuri kuliko kile kikohozi.

Ndiyo maana nilipokutana na Lawino, mke anayelalama katika shairi la Mwacholi Okot p'Bitek, kwa tafsiri ya Kiswahili ya Paul Sozigwa, sikuhitaji kuelezwa chochote. Mwacholi na Mjaluo lugha zao ni ndugu, na Okot mwenyewe alifanya kazi Kisumu miaka ya 60, akaanzisha tamasha la sanaa huko mwaka 1968. Wahakiki humsoma Lawino kama mtetezi wa utamaduni. Mimi nilimsikia kama mama wa dodo aliyemkalia kooni mume aliyesoma. Utani wake kuhusu mke mwenza aliyejipaka rangi mdomoni ndio uliobeba uchungu wake. Uuondoe, utabaki na insha.

Ila desturi ninayotaka kuitetea hasa ni pakruok.

Pakruok ni kujisifu, lakini kujisifu kwa kulipia. Mpiga nyatiti anaketi kwenye kigoda kifupi, nyuzi 8 mbele yake, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu akigongea ubao wa ala, njuga zikilia mguuni. Wewe unasimama, unatupa pesa yako, naye ananyamazisha nyuzi. Ukumbi mzima unakusikiliza. Sasa useme wewe ni nani. Zamani ilikuwa peni au sumuni, na kwa mtu wa kijijini sumuni haikuwa mchezo. Kwa hiyo ulijiandaa. Ulipanga maneno tangu njiani, kwa sababu ungelipa ukasema upuuzi ungekuwa umepoteza mara mbili.

Na kulikuwa na sharti jingine. Aliyeketi karibu nawe naye alikuwa na mfuko. Nakumbuka kwenye harusi moja upande wa Uriri, mzee mnene alisimama akalipa, akajitangaza kuwa ndiye fahali aliyevuka mto Kuja umefurika na mkia wake usilowe. Watu wakashangilia. Mwenzake, mwembamba, akatoa sarafu yake taratibu, akasubiri nyuzi zinyamaze, akasema: "Nami ndiye niliyemwonyesha daraja." Yule mnene ndiye aliyecheka kuliko wote, kisha akalipa tena ili ajibu. Mpiga nyatiti alienda nyumbani tajiri.

Desturi hiyo ilifika hadi matangani, na hapo ndipo wageni hutushangaa. Kuna tero buru, wanaume wakiswaga ng'ombe kwa mikuki na kelele kuifukuza mauti nje ya boma. Kuna pia shemeji atakayevaa koti la marehemu na kuiga mwendo wake mpaka mjane acheke huku machozi yakimtoka. Kwetu si utovu wa adabu. Marehemu asiye na wa kumwiga ndiye wa kuhurumiwa.

Redio na sahani za santuri zilipoingia, kicheko hiki kilihamia kwenye muziki wa benga. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati, ng'ambo tu ya mpaka wa Migori, aliimba habari za wanyama. Serikali haikuwa na shida na wanyama mpaka ilipotambua kwamba baadhi yao walifanana mno na viongozi. Alikamatwa zaidi ya mara moja na hata kurudishwa Tanzania, kisha akarudi na kuendelea na wanyama wake mpaka alipofariki kwa ajali ya barabarani Kisumu mwaka 2006. Hebu fikiria kazi ya ofisa aliyelazimika kueleza mbele ya wakubwa wake kwa nini hadithi ya nyani ni uchochezi. Lazima kwanza amtaje anayefanana na nyani.

Halafu ikaja miaka ambayo tulizika kila wiki. Mwanamuziki Prince Jully wa Migori alifariki mwaka 1997, mkewe akaichukua bendi ya Jolly Boys na kuitwa Princess Jully, na wimbo wake Dunia Mbaya ukaenea nchi nzima. Ulihusu UKIMWI. Ulichezwa harusini, vilabuni, kwenye matatu, viuno vikizunguka. Rais Moi alikuja kuutangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, wakati sisi tulikuwa tumeshaucheza muda mrefu. Wahubiri walisema tumepotoka kucheza kifo. Sikubaliani nao mpaka leo. Semina za afya nilizohudhuria enzi hizo zilijaa watu waliotazama sakafu. Kwenye wimbo ule watu walitazamana, na jambo lililokuwa likinong'onwa likatamkwa kwa sauti na umati wa watu wakiitikia. Ugonjwa haukuisha kwa wimbo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 bado ulikuta karibu mtu mzima 1 kati ya 5 Homa Bay anaishi na virusi. Lakini kimya kilivunjika, na aliyekivunja alikuwa mjane wa Migori aliyetuchezesha.

Mzee Ojwang' wa Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho, nampitia haraka, kwa sababu kila Mkenya anamjua. Lafudhi ile ya Kijaluo iliyochekesha taifa ilikuwa ya Benson Wanjau, Mkikuyu. Kwetu watu walibishana kama anaikosea. Hawakubishana kama ana haki ya kuigiza.

Sasa tuko kwenye simu. Gor Mahia, klabu iliyoundwa 1968 na kupewa jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, Ndhiwa, ikifungwa, kabla saa haijaisha WhatsApp inaleta tangazo la tanzia: marehemu ni matumaini ya ubingwa, mazishi ni Jumamosi, jamaa na marafiki wajulishwe. Muundo ni ule ule wa matangazo ya vifo tuliyokua tukiyasikia redioni. Mwaka 2015, Barack Obama alipokuwa akija Kenya, CNN iliieleza nchi hii kama kitovu cha ugaidi, na Wakenya wakaijibu kwa mzaha chini ya #SomeoneTellCNN hadi mkuu mmoja wa shirika hilo akaja Nairobi kuomba radhi. Kendu Bay tuliona ni haki kabisa: babu yake Obama, Hussein Onyango, alitoka kwetu kabla ya kuhamia Kogelo, na mtu hatukanwi akiwa njiani kwenda kwao.

Kinachonikera kwenye simu ni kwamba pakruok imekuwa bure. Mtu anajisifu asubuhi, mchana na usiku, halipi hata ndururu, na mwembamba wa daraja hayupo ukumbini, na akijibu anazuiwa. Wapo pia wanaomcheka aliyefiwa wakiwa mbali, bila kuvaa koti la marehemu, bila kubeba jeneza. Hicho mimi sikiiti kicheko cha kwetu. Wanamuziki wa ohangla wanaopokea pakruok kwa M-Pesa wana adabu kuliko hao, maana angalau pesa imetoka.

Nilifundisha fasihi Migori kwa miaka mingi. Darasani, wanafunzi walipocheka kwenye ukurasa wa huzuni, mwalimu mwenzangu mmoja aliwaambia wawe makini. Mimi niliwaambia wasome tena pale pale walipocheka, na mara nyingi jeraha la hadithi lilikuwa mstari huo huo au unaofuata. Kwa hiyo, ninyi mnaotunga mitihani, pamoja na dhamira, maudhui na mbinu za lugha, ongezeni swali moja: taja mahali ulipocheka, na ueleze ni nani aliyekuwa akiumia hapo. Lipeni alama 5.