Kitanda cha Mzee: Somo la Historia kutoka Idodi

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataza unyonyaji, lakini halikusema kwamba kila mtu lazima afanye kazi mpaka aingie kaburini. Liliwataja wenye haki ya kutegemea jasho la wenzao: watoto, walemavu, waliokosa kazi si kwa kupenda kwao, na wazee walioishiwa nguvu. Kwa hiyo matunzo ya mzee si sadaka. Ni deni. Tukiishusha nadharia hii mpaka tarafa ya Idodi, kwenye barabara itokayo Iringa kwenda Hifadhi ya Ruaha, tunapata swali moja: mzee akiugua analazwa wapi, na akiruhusiwa kutoka nani anamwuguza?

Tuanze na ukoloni. Nyanda za Juu Kusini zilikuwa ghala la manamba. Kodi iliwasukuma vijana kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Bepari alinunua nguvu za kijana, wala hakulipia utoto wake wala uzee wake. Mgongo ulipopinda, manamba alirudi kijijini bila pensheni. Ukoo ukawa wodi isiyolipwa, na muuguzi wake akawa mwanamke. Hospitali za Serikali zilikuwa mijini, na nyingine zilikuwa za misheni. Mkulima wa bondeni alitibiwa kwa kadiri miguu yake ilivyoweza kumfikisha.

Baada ya Uhuru hali ilibadilika. Mwaka 1964 taarifa ya kamati ya Profesa Richard Titmuss ilishauri huduma za afya zielekezwe vijijini. Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, ulioanza mwaka 1969, uliweka shabaha ya kituo cha afya kimoja kwa watu 50,000 na zahanati moja kwa watu 10,000. Vituo vya afya vijijini, ambavyo mwaka 1961 vilikuwa 22, vilifika 239 mwaka 1980. Huu ulikuwa ushindi wa wakulima, na hakuna haja ya kuuonea haya.

Lakini mwanamapinduzi hujikosoa. Hesabu ile ilipima vichwa, haikupima umri. Vitanda vichache vya kituo cha afya vilifikiriwa zaidi kwa mama mzazi na kwa mgonjwa wa siku mbili tatu. Maradhi ya mzee hayana haraka hiyo: kiharusi, nyonga iliyovunjika, macho, moyo. Na Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi ulioanzishwa mwaka 1964 ulikuwa wa watu wa mshahara. Mkulima aliyelisha taifa aliachiwa ukoo uleule aliouachiwa na mkoloni.

Na ukoo wenyewe umepata pigo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2007-08 ulikuta maambukizi ya virusi vya UKIMWI katika Mkoa wa Iringa, wakati huo pamoja na Njombe, yakiwa asilimia 15.7 ya watu wazima, ya juu kuliko mikoa yote. Waliokufa wengi walikuwa katika umri wa kazi. Bibi aliyetarajia kuuguzwa na binti yake alimwuguza binti, akamzika, akabaki na wajukuu. Kumwambia bibi huyu kwamba mila zetu zitamtunza ni kumdhihaki.

Tangu mwaka 1993 wagonjwa walianza kuchangia gharama za matibabu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ikatambua haki ya mtu mwenye miaka 60 na zaidi. Lakini msamaha wa malipo haumbebi mgonjwa kutoka kitongojini, wala haumpikii uji akilazwa.

Tufanye nini? Jibu limo katika historia ya Iringa yenyewe. Mwaka 1983 mkoa huu ulianza mpango wa lishe katika vijiji 168, kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Watoto walipimwa uzito kijijini, mbele ya wazazi na viongozi. Matokeo yakajadiliwa, hatua zikaamuliwa palepale. Mtoto aliyedhoofu hakuweza tena kufichika.

Mzee naye ahesabiwe vivyo hivyo. Mabalozi na wenyeviti wa vitongoji waende nyumba kwa nyumba: nani anajiweza, nani anahitaji kutembelewa, nani anahitaji kulazwa, nani analea yatima. Hesabu hiyo ndiyo iseme vinahitajika vitanda vingapi. Na kitanda si chuma na godoro tu: ni muuguzi, dawa, maji, chakula, na mhudumu wa afya anayefuata mgonjwa nyumbani. Mzee anayetembelewa mapema pengine hatahitaji kitanda kabisa.

Wapo watakaosema nchi maskini haiwezi. Zanzibar mwaka 2016 ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Fedha ni chache, lakini kupanga ni kuchagua. Kada anayekwenda kijijini bila kujua idadi ya wazee wake bado hajalisoma Azimio, amelikariri tu.